Spana namba 10 na mpwa aliyeshukiwa

Katika nyumba ambazo baba ni fundi, ugomvi mkubwa wa wiki si lazima uanzie kwenye pesa ya matumizi. Huanzia kwenye spana. Tena si spana yoyote, ni namba 10, ile ndogo inayofungua betri, kava na makorokoro mengine kibao kwenye gari la Kijapani. Ikipotea mara ya kwanza, watu hucheka. Mara ya pili huulizana. Mara ya tatu, kuna mtu hutajwa.

Ndivyo ilivyokuwa kwenye familia moja ya Tabata, Dar es Salaam. Baba ni fundi magari anayefanyia kazi zake uani, kwenye banda la mabati. Mama ni muuguzi wa chumba cha upasuaji. Wana watoto wawili wa shule ya msingi, na wanaishi na mpwa wa baba, kijana wa miaka 19 aliyeletwa kutoka Singida baada ya kidato cha nne ili ajifunze ufundi. Jumamosi moja asubuhi, mteja akiwa kwenye benchi anaangalia saa, fundi alivuta droo ya vifaa, akachakura, akamwaga nusu yake chini. Namba 10 haikuonekana.

"Mjomba, hii ni mara ya tatu," alimwambia mpwa wake, mteja akisikia. "Mara ya tatu tangu umekuja."

Hakutamka neno mwizi. Hakuwa na haja ya kulitamka. Kijana alichukua tambara akaendelea kufuta mikono iliyokwisha kuwa safi. Usiku, chakula kilipotengwa, alisema ameshiba.

Mama alisubiri watoto walale. Hakumtetea kijana, wala hakumlaumu mumewe. Aliuliza swali moja tu.

"Baba, vifaa vyako vyote viko vingapi?"

Fundi alianza kuhesabu kwa vidole. Ringi seti moja, fleti seti moja, soketi, bisibisi, plaizi... Akafika kwenye bisibisi akakwama. "Viko vingi tu, mama."

"Sasa kama hujui viko vingapi, umejuaje kwamba vinaibiwa?"

Swali hilo lilitoka kazini kwake. Katika chumba cha upasuaji, mikasi, koleo, sindano na vitambaa vya kufyonzea damu huhesabiwa kwa sauti kabla ya kazi kuanza, na huhesabiwa tena kabla ya kidonda kufungwa. Shirika la Afya Duniani lililiweka jambo hilo kwenye orodha yake ya usalama wa upasuaji iliyotolewa mwaka 2008: kabla mgonjwa hajatolewa chumbani, muuguzi athibitishe kwa mdomo kwamba hesabu imetimia. Isipotimia, hakuna anayeanza kwa kuuliza nani kaiba. Wote wanatafuta, maana kinachokosekana huenda kimo tumboni mwa mtu.

Kesho yake droo zote tatu za kabati la vifaa zilimwagwa juu ya turubai. Droo, wazee wetu waliiita mtoto wa meza, na fundi yule ilionekana wazi kwamba mtoto huyo alikuwa hajamlea. Zilitoka bisibisi bapa saba, tatu kati yake midomo imekwisha. Zilitoka spana namba 12 nne, wakati namba 14 iko moja na ina ufa. Ilitoka ile spana ya kurekebisha mdomo, ambayo mafundi wana jina lake la mtaani lisiloandikika kwenye ukurasa wa familia. Kilitoka kijiko cha kupimia unga ambacho mama alikuwa amekitafuta mpaka akanunua kingine.

Kisha ikatoka plaizi iliyozungushiwa utepe mwekundu kwenye mpini. Hapo fundi alinyamaza. Ile ilikuwa ya jirani yake, fundi umeme, ambaye mwezi uliotangulia alikuja kuiulizia kwa upole akajibiwa kwamba haipo, labda amemwazima mtu mwingine. Fundi hakumtuma mtoto. Aliichukua mwenyewe, akavuka barabara akaenda kuirudisha, na hakurudi upesi.

Namba 10 haikuwemo kwenye turubai.

Mama alipendekeza vifaa vipangwe kama trei ya upasuaji, kila kimoja mahali pake pale pale kila siku. Lakini trei ya upasuaji haivutwi na kusukumwa mara 40 kwa siku. Droo ikivutwa kwa nguvu, spana zote hukimbilia nyuma kama abiria wa daladala dereva anapokanyaga breki. Mpwa, ambaye tangu asubuhi alikuwa hajasema neno, ndiye aliyeleta boksi la drili na kulifungua mbele yao. Ndani yake mna plastiki iliyofinyangwa kwa umbo la drili, chaja na betri. "Mjomba, kila kitu hapa kina kitanda chake. Tunaweza kuchonga hivi kwa sponji."

Jambo lenyewe ni rahisi kulieleza. Ni kipande cha sponji ngumu kinachoenea barabara ndani ya droo, kilichokatwa matundu yenye umbo la kila kifaa. Chini yake huwekwa sponji ya rangi nyingine, njano au nyekundu, ili kifaa kinapotoka tundu lake lionekane kutoka mbali. Nchi za nje kuna kampuni zinazouza sponji hizo za rangi mbili tayari, na nyingine hukata matundu kwa mashine. Uani Tabata hakuna mashine hiyo, kuna kisu cha karatasi.

Kosa la kwanza ambalo wengi hulifanya ni kukimbilia sponji la godoro kuukuu. Ni laini, linakatika ovyo, na hufyonza kila kitu: mafuta, jasho la mkono, unyevu wa hewa. Kwa mtu wa Dar es Salaam au Tanga, ambako hewa ya bahari inatosha kutia kutu bila msaada, kulaza spana kwenye godoro ni kuilaza kwenye kitambaa kibichi. Ile nyeupe inayokuja kwenye maboksi ya televisheni nayo haifai; inapukutika chembechembe, na gundi ya viatu huiyeyusha. Inayofaa ni sponji ya vitundu vilivyofungwa, isiyofyonza maji, kama ya ile mikeka ya rangi rangi ya kuchezea watoto, inayounganishwa kama fumbo. Ni jamii moja na soli za ndala. Kipande kimoja huwa na upana wa sentimeta 60 hivi na unene wa sentimeta moja, na rangi ziko za kuchagua.

Watoto wa nyumba ile walikuwa na mkeka wa namna hiyo, umekwisha kupoteza vipande viwili. Mazungumzo ya kuupata yalichukua muda kuliko kuukata. Mdogo alikubali kwa sharti kwamba yeye ndiye atakayechora plaizi.

Kabla ya kisu kuna karatasi. Droo hupimwa kwa ndani, upana, urefu na kina, kisha karatasi ya kaki hukatwa kwa kipimo hicho na vifaa vyote hupangwa juu yake. Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo, na hapa ndipo watu huharakisha. Fundi yule alitaka zipangwe kwa uzuri, ringi zote upande mmoja kutoka kubwa hadi ndogo. Kijana aliuliza, "Mjomba, ukiwa chini ya gari unaniita nikupe nini mara nyingi?" Namba 10, 12 na 14, plaizi, bisibisi ya nyota. Basi hizo zikaja mbele, karibu na mkono, na seti ya soketi kubwa ikarudi nyuma. Waliacha pia eneo la kiganja kimoja bila kitu, kwa vifaa ambavyo havijanunuliwa. Sponji iliyojaa hadi pembeni huwa imeharibika siku kifaa kipya kinapoingia nyumbani.

Kalamu ya risasi ikishikwa wima, umbo linatoka sawa. Ikilala, tundu huwa kubwa au dogo kuliko kifaa. Mstari ukishachorwa, kisu hupita upande wake wa ndani, kwa sababu sponji hunepa kidogo na tundu linalobana ndilo linaloshika. Kisu kiwe na wembe mpya, kisimame wima, kipite mara mbili tatu polepole badala ya mara moja kwa nguvu. Mkono mwingine ukae nyuma ya kisu, usikae mbele yake. Wembe huo si wa mtoto, hata kama ndiye aliyechora plaizi. Wengine hutumia waya wa moto au chuma cha kulehemu kwa risasi ili tundu litoke laini. Moshi wake si wa kuvuta, na haufai kabisa ndani ya chumba ambamo watu wanalala.

Kuchimba sponji moja nene hadi nusu na kusawazisha sakafu ya tundu ni kazi ya kukatisha tamaa. Njia ya kijana ilikuwa nyepesi: vipande viwili vyeusi viligandishwa pamoja kwa gundi ya viatu, matundu yakakatwa mpaka yakatokea upande wa pili, ndipo kipande cha njano kikagandishwa chini. Sakafu ikawa sawa yenyewe. Kwa vile vinavyozama sana kulikatwa na nafasi ya vidole pembeni: kipande cha bomba la chuma la inchi moja, kilichonolewa mdomo kwa tupa, kinabonyezwa na kuzungushwa mpaka kinatoa duara safi. Bila nafasi hiyo, mtu huchokonoa kifaa kwa bisibisi, na ndani ya wiki sponji inakuwa imeliwa kingo.

Walikosea mara mbili. Mara ya kwanza karatasi iligeuzwa juu chini wakati wa kuihamishia kwenye sponji. Kwa spana hakuna neno, kwa kuwa pande zake zinafanana, lakini mkasi wa bati wenye mpini uliopinda ulijikuta na tundu linaloangalia kusini wakati wenyewe unaangalia kaskazini. Kipande kizima kikatupwa. Mara ya pili walisahau kina. Nyundo ilitoshea vizuri kwenye tundu lake, droo ikasukumwa, ikakwama katikati, haiendi mbele wala hairudi, kichwa cha nyundo kimeng'ata ubao wa juu. Ilibidi kabati ligeuzwe na mgongo wake ufunguliwe. Watoto walifurahi sana. Tundu la nyundo likakatwa tena mpaka kwenye tabaka la njano.

Kazi ilichukua Jumapili mbili. Mwisho wake droo ya juu na ya kati zilikuwa na matundu 58, na kwa mara ya kwanza katika ndoa yake fundi aliweza kulijibu swali la mkewe. Namba 10 mpya ilinunuliwa, ikalazwa kwenye kitanda chake mstari wa mbele.

Mama alifurahi, lakini hakushangilia. Hospitalini kwao ukutani kuna maneno matano ambayo wagonjwa wengi wa hospitali za serikali wameyaona bila kuyasoma: Sasambua, Seti, Safisha, Sanifisha, Shikilia. Ni utaratibu uliotoka kwenye viwanda vya Japani ukaingia katika hospitali zetu, Mbeya ikiwa miongoni mwa za mwanzo. Manne ya kwanza, alimwambia mumewe, yanafanywa na yeyote mwenye Jumapili mbili. La tano ndilo linalowashinda watu.

Hilo hata wenye ndege wanalijua, na wao ndio waliolitilia maanani kuliko mafundi wote. Katika karakana nyingi za ndege sanduku la vifaa lina sponji ya rangi mbili, kila kifaa kimechongwa alama ya sanduku lake, na tundu likiwa wazi ndege haitakiwi kuondoka. Hata hivyo Desemba 2023, ndege kubwa aina ya Airbus A380 ya shirika la Qantas ilikaguliwa injini mjini Los Angeles, na kifaa cha nailoni chenye urefu wa mita 1.25, kinachotumika kuzungushia injini kwa mkono, kikasahaulika ndani yake. Haikuwa kwamba hakuna aliyejua. Ilionekana kwamba kifaa hakijarudi, na bado ndege ikaruhusiwa kuondoka. Iliruka safari 34, karibu saa 294 angani, kabla ya kifaa kukutwa mwanzoni mwa Januari 2024 kikiwa kimepindika. Wachunguzi wa usalama wa usafiri wa Australia waliyaeleza hayo kwenye ripoti yao. Ndege ilitua salama mara zote 34. Lakini tundu lilikuwa limesema, na hakuna aliyesimama kusikiliza.

Kwa hiyo Tabata kuliwekwa kanuni. Gari halikabidhiwi, na droo haifungwi jioni, mpaka kijana apitishe macho na kusema kwa sauti. Kama kuna la njano linaloonekana, kazi zote zinasimama na wote wanatafuta, fundi mwenyewe akiwa wa kwanza kuinama. Wiki ya kwanza fundi aliona aibu, mteja anasubiri huku yeye anahakikiwa na mtoto wa dada yake. Wiki ya tatu mteja mmoja, dereva wa bajaji, aliomba asubiri ahesabiwe na yeye, akisema gari lake la zamani liliwahi kurudishwa na bisibisi kwenye redieta.

Haifai kudanganyana kwamba sponji ni dawa ya kila banda. Inakula nafasi: droo iliyokuwa ikibeba vifaa mia kwa kurundikwa itabeba nusu yake kwa kulazwa. Misumari, nati na washa hazina haja nayo, makopo ya maziwa yanatosha. Fundi anayenunua kifaa kila wiki ataikata na kuitupa, kwa hiyo angoje kwanza seti yake itulie. Na asiye na droo hana sababu ya kununua kabati kwa ajili ya sponji. Ubao ukutani, misumari na rangi ya kuchora umbo la kila kifaa vinafanya kazi ileile kwa bei ndogo. Marekani, mume wa mpishi maarufu wa televisheni Julia Child alimchorea mkewe ukutani mipaka ya kila sufuria na kikaango, na jiko hilo leo limehifadhiwa kwenye makumbusho ya taifa, Washington. Sufuria ikikosekana, umbo lake linabaki linaangalia watu.

Sponji pia inataka kutunzwa. Kifaa kifutwe kabla ya kulazwa. Maji yakiingia kwenye tundu hayafyonzwi, lakini hayatoki pia, yanakaa chini ya chuma. Nyumba ile mama huleta vile vipakiti vidogo vya kukaushia unyevu vinavyokutwa kwenye maboksi ya viatu na mikoba, anavitupia nyuma ya droo, na mara moja kwa mwezi kijana hupitisha kitambaa chenye tone la mafuta. Droo ya tatu, ya chini, ilibaki bila sponji. Fundi alisema kila mtu anahitaji mahali pa kutupia vitu, na mkewe, kwa busara, hakubishana.

Wiki ya saba, Toyota Noah moja ilirudi kubadilishwa oili. Kijana ndiye aliyeingia chini yake kufungua bamba la kinga lililo chini ya injini. Bamba liliposhuka, kitu kilimwangukia kifuani. Alikiokota, akakifuta, akakitia mfukoni, akaendelea na kazi. Oili ikabadilishwa, mteja akalipa akaondoka.

Jioni, watoto wakiwa wamekaa kwenye tairi kama kawaida yao, kijana alivuta droo ya juu, kisha ya kati.

"Vimetimia, mjomba," alisema. "Ila kimezidi kimoja."

Fundi alikuja kuangalia. Matundu 58 yalikuwa yamejaa. Juu ya sponji nyeusi, kwenye ile nafasi ya kiganja iliyoachwa wazi, ililala namba 10 yenye mkwaruzo wa tupa kwenye shingo, mkwaruzo aliouweka mwenyewe mwaka aliponunua seti. Noah ile aliitengeneza peke yake, siku ya Alhamisi, siku mbili kabla ya ile Jumamosi. Anakumbuka kwa sababu siku hiyo mpwa wake alikuwa ametumwa Kariakoo kufuata vipuri tangu asubuhi hadi magharibi.

Aliishika spana kwa muda. Kisha akaingia ndani, akamkuta mkewe jikoni anamenya vitunguu.

"Mama, unajua ile namba 10..."

"Usinieleze mimi, baba watoto," alisema mama bila kugeuka. "Yuko uani, anafunga droo."